Je, Ukungu Una Miguu?

Maoni juu ya kufundisha utambuzi wa wadudu katika shule za msingi

Kila mwaka wanachuo waendapo katika mazoezi ya kufundisha, sisi wakufunzi huwafuata mashuleni ili kuwatazama wakiwa kazini. Katika vipindi vya sayansi nilivyovitazama, namna moja ya kufundisha imerudi mara nyingi hata sikuweza tena kuinyamazia. Mwanachuo huingia darasani na mchoro mzuri wa mdudu, wenye rangi na mishale. Huutundika ubaoni, hutaja jina la mdudu, na wanafunzi huliitika kwa pamoja mara tatu. Kisha huchora na kunakili. Andalio la somo limefuatwa, zana imetumika, daftari zimejaa, na kengele hulia kila mtu akiwa ameridhika. Nje ya dirisha, hatua 20 kutoka ubaoni, mdudu mwenyewe anakula mboga za shule, wala hapana aliyekwenda kumtazama.

Maoni yangu ni kwamba kulijua jina la mdudu na kumjua mdudu ni mambo mawili, nasi tumezoea kufundisha la kwanza na kudhani kwamba tumefundisha yote. Nionavyo, mpangilio huo haufai na yapasa ugeuzwe. Mtoto aanze na mmea, aende kwenye alama iliyoachwa juu ya mmea, amtafute mnyama aliyeiacha, amtazame anavyokua, na jina lije mwisho. Nitalieleza jambo hili kwa mfano wa nondo mdogo ambaye wakulima wa Arumeru wanamfahamu kwa uchungu. Lakini kwanza sina budi kueleza kosa langu mwenyewe, maana nisingekuwa na haki ya kuwasema wengine kama ningelificha.

Kosa langu

Mwishoni mwa mwaka 2014 nilikuwa mwalimu mgeni kazini, nikifundisha darasa la tano katika shule moja ya msingi iliyo chini ya mlima Meru. Shule ilikuwa na bustani ya nyanya. Fedha za mauzo zilikuwa zimekwisha kupangiwa kazi ya kununua madaftari ya watoto wasiokuwa nayo. Siku moja tuliona majani yameingia mabaka, yamekuwa kama yameunguzwa na moto. Mvua zilikuwa zimenyesha, nami nilikuwa nimesoma chuoni juu ya bakajani, ule ugonjwa wa ukungu ambao wakulima wengi huuita "baridi". Sikusitasita. Niliwakusanya wanafunzi, nikachora jani ubaoni, nikaandika "Ugonjwa wa ukungu", nikaeleza chanzo chake na dawa yake.

Mtoto mmoja wa kike alikuwa amechuma jani na kulipasua kwa mwiba wa mchongoma uliotoka katika ua wa shule. Alinyosha mkono, akauliza, "Mwalimu, ukungu una miguu?"

Wenzake walicheka. Mimi nami nilitabasamu, nikamwambia aketi tuendelee na somo. Shule ilinunua dawa ya ukungu, tukanyunyiza mara mbili kwa juma. Mzazi mmoja aliyekuwa na shamba jirani aliniuliza ana shida gani shambani kwake, nikamjibu kwa uhakika ule ule, naye akanunua dawa ile ile. Baada ya majuma machache matunda yalikuwa na vitobo karibu na vikonyo na ndani yake mlikuwa na viwavi. Hatukuuza hata debe moja. Madaftari hayakununuliwa. Mtoto yule alikuwa ameona jibu kabla ya mtu mzima yeyote shuleni, nami niliyeajiriwa kumfundisha kuona ndiye niliyemwambia aketi.

Huyu nondo ni nani?

Mdudu aliyekuwa ndani ya jani lile ni kiwavi wa nondo ambaye wataalamu walimwita Tuta absoluta. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 2006 alionekana Hispania, akaingia Afrika ya Kaskazini miaka michache iliyofuata, akapita Sudan na Ethiopia, na mwaka 2014 alikuwa amefika Kenya na Tanzania. Hapa nchini alipatikana kwanza katika nyanya za Ngarenanyuki, wilaya ya Arumeru, kwenye miteremko ya upande wa kaskazini wa Meru. Wakulima hawakungoja wataalamu ili wampe jina. Walimwita Kantangaze, yaani "nenda ukanitangaze", kwa jinsi alivyomaliza shamba zima na kumwacha mwenye shamba na habari tu ya kusimulia. Asipozuiwa, hasara huweza kufikia asilimia 80 hata 100 ya mazao.

Jina hilo ni zuri, na lina ukweli wa maisha ndani yake. Hata hivyo, tuangalie kile lisichotuambia. Halituambii mdudu ana umbo gani, anakaa wapi, wala anatofautianaje na wadudu wengine walao majani kwa ndani. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyelisikia huweza kuita kila jani lenye mabaka "kantangaze", kama mimi nilivyoita kila jani lenye mabaka "ukungu". Jina jipya huweza kufumba macho sawasawa na jina la zamani.

Majina ya kitaalamu nayo si nguzo isiyotikisika. Nondo huyu alielezwa mara ya kwanza mwaka 1917 na Mwingereza Edward Meyrick, kutokana na nondo waliokamatwa Peru. Tangu hapo wataalamu wamemhamisha kutoka ukoo mdogo mmoja hadi mwingine mara kadhaa. Jina la Tuta alilipata mwaka 1994, na mwaka 2021 wataalamu walimrudisha katika Phthorimaea, lile jina alilopewa na Meyrick. Katika safari hiyo yote ya majina, kiwavi mwenyewe hakubadilika mguu hata mmoja. Aliyefundishwa kumtazama anamjua hadi leo, na aliyefundishwa jina peke yake ana jina lililopitwa na wakati.

Yafaa pia mwanachuo afahamu kwamba Meyrick huyo, aliyewaeleza maelfu ya nondo wadogo, kazi yake ya kila siku ilikuwa ualimu wa shule. Alifundisha kwa miaka mingi katika shule ya Marlborough, Uingereza, na nondo waliokula majani ya kahawa ya kwetu mmoja wao amepewa jina kwa heshima yake. Basi asiseme mtu kwamba kuchunguza wadudu ni kazi ya maabara tu na haimhusu mwalimu.

Hatua za kufuata darasani

Napendekeza hatua tano. Haziitaji kifaa cha kununua. Mwiba wa mchongoma, chupa tupu, kipande cha kitambaa chepesi na daftari vyatosha.

Hatua ya kwanza ni mmea. Viwavi wanaoishi ndani ya majani aghalabu huchagua sana chakula chao. Katika nchi za Ulaya, wachunguzi wa nondo wadogo wanaokula mierebi huanza kwa kuuliza ni mti gani, kisha njia iliyochimbwa ndani ya jani ina umbo gani, maana nondo wenyewe wakiwa wakubwa hufanana mno. Sisi nasi tuanze hapo. Kantangaze hupenda nyanya kuliko vyote, lakini huweza kuishi katika viazi mviringo, bilingani na mnavu, mimea ambayo ni ya jamaa moja. Kwa hiyo mnavu uliojiotea nyuma ya vyoo vya shule ni sehemu ya somo, na yafaa wanafunzi waende kuukagua.

Hatua ya pili ni umbo la alama. Hapa ndipo macho yanapoanza kulipwa. Wapo inzi wadogo ambao watoto wao pia huchimba majani ya nyanya na maharage. Njia ya funza wa inzi huyo ni nyembamba, hujipinda kama nyoka, na hupanuka kidogo kidogo kadiri funza anavyokua. Njia ya kiwavi wa nondo huanza nyembamba, lakini mara huwa baka pana lisilo na umbo maalumu, kwa sababu kiwavi hula nyama yote ya jani na kuziacha ngozi mbili, ya juu na ya chini, kama karatasi. Jani lenye ukungu ni tofauti na yote mawili. Baka lake ni la rangi ya giza, kama lililoloweshwa maji, na wakati wa unyevu huota utando mweupe upande wa chini. Ndani yake hamna uwazi wowote.

Hatua ya tatu ni kulishika jani kuelekea kwenye mwanga. Ikiwa mna uwazi ndani, mwanafunzi ataona kivuli cha mdudu na chembe nyeusi za kinyesi chake. Kinyesi si jambo la kuchekesha, ni ushahidi. Ukungu hauachi kinyesi. Kama ningelishika jani moja tu juani mwaka ule, somo langu lingekuwa jingine.

Hatua ya nne ni kulifungua jani taratibu kwa mwiba na kumtazama mnyama. Kiwavi wa nondo ana kichwa kinachoonekana dhahiri, ana jozi tatu za miguu ya kweli karibu na kichwa, na nyuma ana vijiguu vinene vya kushikia. Kantangaze akiwa mdogo ni wa rangi ya maziwa, kisha huwa kijani, na akikomaa huweza kuwa na wekundu mgongoni. Nyuma tu ya kichwa ana mstari mwembamba wa rangi nyeusi. Urefu wake hufika milimita 7 au 8. Funza wa inzi hana miguu kabisa, wala hana kichwa cha namna hiyo. Swali la mtoto wangu kuhusu miguu lilikuwa, kwa hakika, ndilo swali la mtaalamu.

Hatua ya tano ni kumfuga. Tia majani machache yenye viwavi katika chupa, funga mdomo kwa kitambaa, ongeza jani bichi kila linaponyauka, na wanafunzi waandike tarehe na kile walichokiona. Wataona kiwavi akitoka katika jani kavu na kuchimba jani jipya. Wataona pupa. Kutoka yai hadi nondo huchukua kama mwezi mmoja, na huko juu mlimani kwenye baridi huchukua zaidi. Atakayetoka ni nondo wa rangi ya kijivu, mwenye madoadoa meusi juu ya mabawa na vipapasio virefu vyembamba, urefu wake milimita 5 hadi 7. Huruka usiku na mchana hujificha. Pengine badala ya nondo atatoka nyigu mdogo sana, naye ni somo kubwa kuliko yote, kwa kuwa ni adui wa asili aliyemla kiwavi kwa ndani. Kipindi kikiisha, chupa ilowekwe katika maji ya moto kabla ya kufunguliwa. Tusiwe sisi wa kuongeza nondo shambani.

Nasisitiza neno moja la usalama. Wanafunzi wasichume majani katika shamba lililonyunyizwa dawa karibuni, na wanawe mikono kwa sabuni kila baada ya kazi.

Je, shule isiyolima nyanya? Katika vijiji vingi vya Meru mtoto anatoka katika kihamba chenye kahawa, na kahawa ina kidomozi wake. Mabaka yake ni ya kahawia juu ya jani. Ukilikunja jani penye baka, ngozi hupasuka na viwavi weupe huonekana, pengine kadhaa katika baka moja. Akikomaa, kiwavi hutoka, hushuka kwa uzi, na kufuma kifuko cheupe cha hariri chini ya jani. Nondo wake ni weupe, wadogo mno. Huku kwetu wapo wa aina mbili wanaofanana sana, na mtu mwenye subira huweza kuwatofautisha kwa mayai. Mmoja, yule mwenye jina la Meyrick, hutaga ametawanya juu ya jani. Mwingine huyapanga mayai yake yakigusana katika mstari kando ya mshipa wa jani. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuliona hilo. Mchoro wa ubaoni hauwezi kumwonyesha.

Kwa nini jambo hili ni zito

Huenda mwanachuo akauliza: kuna hasara gani mtoto akikosea jina la kiwavi? Katika mtihani hasara ni alama moja. Shambani mambo ni mengine. Dawa ya ukungu haiui kiwavi. Dawa ya kuua wadudu ikinyunyizwa ovyo huua nyigu na buibui walio rafiki zetu, wakati kiwavi aliyelala ndani ya jani huweza kusalimika. Tena kantangaze amekwisha kuzoea dawa nyingi katika nchi mbalimbali. Hata mtego wa harufu, ambao huwavuta nondo dume kwa harufu ya jike, hutengenezwa kwa ajili ya nondo wa aina fulani. Aliyekosea aina hununua mtego utakaobaki mtupu. Familia inayotegemea nusu eka ya nyanya kulipa ada na matibabu haiwezi kustahimili makosa mawili ya namna hiyo katika msimu mmoja.

Tukumbuke pia kwamba katika vijiji vingi mwalimu huulizwa mambo mengi yasiyo ya darasani. Bwana shamba huenda ana kata nzima ya kuhudumia, lakini mwalimu yupo kila siku. Neno lake huaminiwa. Mzazi yule jirani hakunidai ushahidi. Alinunua dawa kwa sababu nilikuwa mwalimu. Heshima hiyo ni amana, nami niliitumia vibaya.

Majibu kwa wenye shaka

Wapo watakaosema kwamba kipindi ni cha dakika 40 na darasa lina watoto 80. Ni kweli. Lakini jani moja kwa watoto wanne linapatikana, na hatua nne za kwanza hutosha kipindi kimoja. Hatua ya tano huhitaji dakika tano tu kila siku, na kikundi kimoja huweza kuitunza kwa zamu. Watakaosema hawana lenzi wajaribu tone la maji katika kitanzi kidogo cha waya. Hukuza vya kutosha kuhesabu miguu.

Wengine wana hofu iliyo kubwa zaidi, ingawa hawaitamki: mwalimu akisema "sijui" atadharauliwa. Mimi nasema kwamba "sijui" ziko mbili. Iko "sijui" ya mvivu, ambayo hufunga mlango. Na iko "sijui, hebu tulipasue jani tutazame", ambayo huufungua. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na methali hiyo haikuwatungiwa wanafunzi peke yao. Tena kuna mahali pa kuuliza. Hapa Arusha ipo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na kuchukua kazi za iliyokuwa Taasisi ya Utafiti wa Viuatilifu, TPRI. Mwalimu mwenye vielelezo vilivyoandikwa mmea, mahali, tarehe na tabia za mdudu ana jambo la kumpelekea mtaalamu. Kwa wadudu wanaofanana sana hata mtaalamu hatoi jina kwa kutupa jicho. Hutumia hadubini, akafungua mwili wa nondo, au akapima vinasaba. Kama yeye husubiri, kwa nini mwalimu akimbilie ubaoni?

Neno la mwisho

Ndugu wanachuo, sisemi kwamba michoro itupwe, wala kwamba majina hayana maana. Jina ni kama kibandiko cha gunia: hufaa sana iwapo umekwisha kulifungua gunia na kuona kilichomo. Utakapoandika andalio la somo lako lijalo juu ya wadudu, acha mstari wa jina wazi. Waongoze watoto hadi bustanini, wape majani na miiba, uwape na muda. Waandike walichokiona kwa maneno yao wenyewe. Kisha rudini darasani mlitafute jina pamoja, na likikosekana siku hiyo, mstari ubaki wazi hadi juma lijalo.

Na akitokea mtoto akauliza swali ambalo wenzake wanalicheka, usimwambie aketi. Mwombe alete jani lake mbele.